Rosa Mistika kwenye kabati la vitabu la shule: kitolewe au kibaki?

Mama Wawili (Chikongola, Mtwara)
Ndugu zangu wa kusini, naomba mawazo. Mwanangu yupo kidato cha tatu, shule ya hapahapa mjini. Kaja na Rosa Mistika ya Kezilahabi, kaazima shuleni. Nimekichukua nikakisoma mpaka mwisho. Baba mlevi anampiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana, binti akitoka nyumbani anafunguka kama mfugo uliokatika kamba, wanaume wanamchezea, mwisho anajiua. Tangu akimalize mwanangu hana raha. Anakaa chumbani, chakula anadonoa tu. Nimekwenda shuleni kuomba kitolewe, mwalimu ananiambia hiyo ni fasihi. Nyie mnaonaje?

Korosho Daraja la Kwanza (Tandahimba)
Uko sahihi kabisa mama. Kitabu hicho serikali yenyewe ilikipiga marufuku enzi za Mwalimu kwa sababu kilikuwa kinaisema serikali. Sasa kimerudije mashuleni? Na aliyekiandika alikuwa padri, ndiyo inanishangaza zaidi.

Mwalimu wa Fasihi (Masasi)
Ndugu Korosho, tusipotoshane. Kezilahabi alipita seminari, hakuwa padri. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, Dar es Salaam na baadaye Botswana, amefariki mwaka 2020. Kitabu kilitoka 1971, kikazuiwa mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi, siasa haikuhusika. Baadaye kikaruhusiwa.

Mama Wawili, shida ninayoiona mimi ni kwamba mtoto kakisoma peke yake. Nikikifundisha nasimama kwenye kile kipigo cha barua, nauliza darasa: huyu baba anaogopa nini? Wanabishana mpaka kengele inalia, na wasichana ambao huwa hawafungui mdomo ndio wanaongea. Kaa na mwanao, muulize kimemgusa wapi. Huenda anayemliza si Rosa. Mtoto akiacha kula, usiishie kukasirikia kitabu.

Korosho Daraja la Kwanza
Mwalimu, nani amepotosha? Nimesema padri, wewe unasema seminari. Seminari wanasomea nini, uvuvi? Walimu mna dharau sana.

Bahari ya Mikindani
Mimi nilikisoma nikiwa msichana na sikulala. Lakini kilichoniogopesha siyo wale wanaume. Ni kwamba Rosa alipojirekebisha kweli, akatulia, akapata mchumba, mchumba mwenyewe akamkataa kwa yale ya nyuma. Hapo ndipo nilipolia. Ukikitoa hicho kitabu, hilo jambo nalo umelitoa duniani? Na ile sura ya mwisho, baba na binti wanasimama mbele ya Mungu kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Wazazi wakisome hicho kabla ya watoto.

Mkazi wa Mbagala
Mimi mzaliwa wa Newala, naishi Mbagala. Watu wa kwetu mnanishangaza. Mtoto wa darasa la nne anawekwa ndani kuchezwa unyago, anafundishwa mambo ya wakubwa, anatolewa kwa ngoma na kanga mpya, mtaa mzima unamtunza. Mtoto huyohuyo akifika kidato cha tatu akisoma riwaya, mnasema riwaya imemharibu. Anzeni na unyago kwanza, vitabu vitafuata.

Bint Newala
Kaka wa Mbagala, ulikuwepo ndani? Kule mwanaume haingii, sasa umejuaje tunachofundishwa? Mimi nimechezwa. Nilifundishwa kujisitiri nikiwa kwenye siku zangu, kukunja goti nikimsalimia mkubwa, na kumwambia somo wangu, yule mama aliyenisimamia unyagoni, kabla sijamwambia mtu yeyote mwanaume akinigusa nisipotaka. Somo wangu yupo hai mpaka leo, nikikwama ndiye wa kwanza kumpigia. Usitutukanie mama zetu kwa sababu umekaa mjini.

Mkazi wa Mbagala
Sijamtukana mama wa mtu. Dada zangu wawili walichezwa likizo moja. Mmoja mwaka uliofuata alikuwa na mimba na shule ikaishia hapo. Walimwambia amekuwa mkubwa, naye akaamini. Usiniambie sijui.

Bint Newala
Pole kwa dada yako. Lakini mimba kapewa na mwanaume, hakupewa na kungwi aliyemfundisha. Huyo mwanaume alifanywa nini? Hapo umekaa kimya.

Mama Wawili
Jamani na mimi nimewacheza wanangu wote wawili na sijutii. Mbona mada imenigeukia mimi?

Mzee wa Nachingwea
Wanangu, punguzeni jazba. Zamani unyago alikuwa anachezwa msichana aliyevunja ungo. Mwili umefika ndipo maneno yanafika. Sasa hivi fedha za korosho zikiingia, mtu anakusanya watoto wake wote, na wa miaka saba yumo, maana yeye keshatunza kwa watu miaka mingi na anataka vyake virudi. Mtoto mdogo anabebeshwa maneno asiyo na pa kuyaweka. Hapo kijana wa Mbagala ana haki yake.

Korosho Daraja la Kwanza
Mzee, shikamoo. Lakini usiiingize korosho. Mkulima anakaa anasubiri mnada, akilipwa anakatwa huku na huku, hicho kinachobaki akimchezea mwanawe ngoma imekuwa dhambi? Matajiri wa mjini wanafanya sherehe za kuzaliwa kila mwaka, hakuna anayewasema.

Mzee wa Nachingwea
Marahaba. Sijasema dhambi. Nimesema umri.

Msomaji wa Lindi
Turudi kwenye kitabu. Huyo Zakaria, baba yake Rosa, ni mtu wa Ukerewe, kule mtoto ni wa baba. Sisi huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, mtoto ni wa upande wa mama. Baba akimpiga binti namna ile, mjomba angekuja asubuhi na mapema na angemwuliza maswali magumu. Rosa hakuwa na mjomba wa kusimama mlangoni. Mama yake ndiye aliyebaki analia naye. Ndiyo maana nasema hicho kitabu hakituhusu sana.

Bahari ya Mikindani
Hakituhusu? Mjomba yupi huyo anayekuja siku hizi? Mimi nimepigwa na baba kwa ajili ya kukutwa nimesimama na mvulana kisimani, na wajomba zangu watatu walikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Walisikia. Kesho yake walikuja kunywa chai.

Msomaji wa Lindi
Pole dada. Hao walikuwa wajomba wa jina tu. Mila haina kosa.

Bahari ya Mikindani
Kila mara mila haina kosa na kitabu kina kosa. Nimechoka kusikia hivyo.

Mwalimu wa Fasihi
Mama Wawili, narudia swali langu: mtoto umemuuliza?

Korosho Daraja la Kwanza
Mwalimu bado yupo kwenye seminari yake.

Bint Newala
Mimi nitasema kitu kimoja kuhusu Rosa. Alichofundishwa nyumbani kwao ni kumwogopa baba, basi. Alipofika mahali ambapo baba hayupo, hakuwa na kitu kingine mkononi. Angekuwa na mwanamke mmoja mtu mzima wa kumwuliza, bila fimbo, yale yasingemkuta. Ndiyo maana nautetea unyago. Kwa mtoto wa miaka saba siutetei, hapo nipo na mzee.

Mkazi wa Mbagala
Sawa. Na nyie mnaosema mjomba ana sauti, mimi ni mjomba. Dada yangu yupo Newala, binti yake ana miaka tisa, na mwezi wa sita wamepanga achezwe. Nimepiga simu nimesema hapana. Michango ilishaanza kukusanywa, nimesema waliotoa warudishiwe, nitachangia mimi. Dada amenikatia simu.

Mzee wa Nachingwea
Umefanya la kiume, lakini jambo hilo halimalizwi kwa simu. Panda basi uje, ukae na makungwi, uwasikilize na wao wakusikilize.

Bint Newala
Na mtoto mwenyewe umemuuliza?

Mkazi wa Mbagala
Nimemuuliza. Kasema anataka, kwa sababu wenzake wote wa darasani wanachezwa na yeye akibaki hawatampa siri zao. Sikuwa na jibu. Ijumaa nakuja, na dada akikataa kunifungulia nitalala kwa mzee wa Nachingwea.