Naomba ushauri: nitawaonyeshaje wanafunzi kilichoiangusha ndege ya Goblin?

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu, na nimeanza kuchonga kwa mbao mfano wa XF-85 Goblin, ndege ya kivita ya Marekani niliyoipenda mno. Ilikuwa kama yai lenye mabawa, urefu wa mita 4.5 tu, kwa sababu ilitakiwa kusafiri ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mabomu, B-36. Adui akitokea, inashushwa, inapigana, kisha inarudi kujining'iniza kwa ndoano iliyo puani. Magurudumu haikuwa nayo kabisa!

Kurudi ndiko kulikoishinda. Agosti 1948, rubani Edwin Schoch alipojaribu kudaka fremu ya chuma chini ya B-29 iliyotumika kwa majaribio, hewa iliyovurugwa na ndege ile kubwa ilimyumbisha. Akagonga fremu, kioo kikavunjika, kofia na barakoa vikang'oka kichwani. Alitua salama kwa tumbo kwenye ziwa kavu la Muroc. Mwaka 1949 mradi ukafutwa, zikiwa zimeundwa mbili tu.

Sasa naombeni msaada. Nina feni ya mezani, nyuzi na ubao. Niutundike vipi mfano huu ili watoto waone kwa macho hewa ikiuyumbisha chini ya ubao? Nilijaribu uzi mmoja, ukazunguka tu kama pia. Nyuzi mbili zitafaa, au nitumie moshi wa udi? Kipindi ni Alhamisi.