MREJESHO: Nimetoa gesi, nimefunga pampu ya joto kwa maji ya kuoga

Wakuu, niliuliza kama pampu ya joto itaiweza baridi ya huku Uyole, Mbeya, maana mtungi wa gesi ulikuwa unaisha haraka na bi mkubwa miguu inamsumbua, maji ya baridi hawezi kabisa. Nimefunga, inafanya kazi! Hii haichemshi kama hita ya koili, inavuta joto la hewa ya nje inalisukumia kwenye tanki, ndo maana uniti 1 ya umeme wa LUKU inatoa joto la kama uniti 3. Ila Julai alfajiri inajivuta sana, so nimeitegesha iwake saa nane mchana, tanki limefunikwa vizuri, bi mkubwa anaoga asubuhi maji bado ya moto. Fundi alianza kuiweka stoo, ikawa inapoza stoo tu, tukaihamishia nje. Asanteni sana.