Birika la wati 1800 linazima inveta ya wati 2000. Nimekosea wapi?

Konokono_Barabarani:

Wakuu, nisaidieni kabla sijaing'oa yote na kuitupa.

Nina gari-nyumba la zamani kidogo. Mwezi huu nimechoka kutegemea kambi zenye umeme, nikaamua kujitegemea. Nimefunga betri mbili za AGM (za risasi, zilizozibwa, zisizoongezwa maji) za volti 12, kila moja Ah 100 (ampea-saa, yaani akiba yake), chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikakaa chini ya kiti cha abiria. Kisha nikanunua inveta ya wati 2000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230 kama wa nyumbani. Ni ya wimbi laini, yaani umeme wake unapanda na kushuka taratibu kama wa gridi, siyo ile ya ngazi-ngazi. Niliifunga nyuma kabisa kwenye kabati la karibu na jiko, maana huko ndiko ninakohitaji soketi, na nikiri tu, taa yake ya kijani inapendeza usiku. Waya kutoka kwenye betri ni wa milimita 25 za mraba, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi, umepita chini ya zulia na mbao. Aliyeniuzia alisema ni mnene wa kutosha, na kwa macho kweli mnene, unakaribia kidole changu cha mwisho.

Kompyuta, chaja za simu, feni, televisheni, vyote vinakwenda bila kelele. Jana asubuhi nikachomeka birika la umeme la nyumbani, wati 1800. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: 1800 ni ndogo kuliko 2000. Hata sekunde kumi na tano hazikupita, inveta ikalia pii-pii-pii kisha ikajizima. Kijitabu chake kinasema inalia volti zikishuka chini ya 10.5 na inajizima zikifika 10. Lakini betri zimejaa! Nilipima kabla, 12.7. Nikapima baada ya kuzima, 12.6. Mke wangu anasema inveta ni mbovu, irudishwe. Mimi nashuku betri. Hatujaafikiana mpaka sasa na maji hayajachemka.

Vidogo viwili vya nyongeza. Friji dogo la nyumbani linaweza kukaa kwenye inveta hii usiku na mchana? Na je, nikitengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, nikatoa umeme kwenye inveta na kuuingiza kwa ile soketi ya ubavuni ya kupokelea umeme wa nje, si soketi zote za ndani zitawaka?

WayaMfupi:

Nyote wawili mnawasingizia wasio na kosa, ila wewe umekosea kidogo zaidi ya mkeo.

Ulipima betri kabla na baada. Pima wakati. Chomeka birika, na kabla inveta haijazima soma volti kwenye vichwa vya betri zenyewe. Ipumzishe, rudia, safari hii usome kwenye skrubu za inveta. Uwe na mtu wa kubonyeza swichi, usijifanye una mikono mitatu. Lete namba hizo mbili. Halafu niambie fyuzi iko wapi, maana sijaiona kwenye maelezo yako.

Konokono_Barabarani:

Nimepima, mke wangu akiwa kwenye swichi. Kwenye betri: 11.6. Kwenye inveta: 10.3 na ikiendelea kushuka. Nimegusa waya baada ya majaribio ya tatu, una joto, hasa pale kwenye kiungo. Fyuzi sijaweka, inveta ina zake ndani.

WayaMfupi:

Hapo sasa. Volti 1.3 zimetoka kwenye betri na hazikufika. Hazijapotea, ndizo hizo ulizozigusa kwa kidole.

Birika linataka wati 1800. Inveta nayo inakula sehemu yake, tuseme kumi kwa mia, kwa hiyo betri zinatoa kama wati 2000. Kwa volti 10.3 hiyo ni karibu ampea 190. Nyumbani birika hilohilo, kwa volti 230, linavuta ampea 8 tu, ndiyo maana waya wake ni mwembamba na hakuna anayeshangaa. Kwenye volti 12 mambo ni mengine kabisa. Ampea 190 ni mkondo wa kuwashia injini, ila injini inawaka kwa sekunde mbili, birika linakaa hapo dakika tatu na zaidi.

Shaba ya milimita 25, mita 8 kwa jumla, ina ukinzani wa omu 0.0056. Unaonekana si kitu. Zidisha kwa 190 upate volti 1.06. Iliyobaki, robo ya volti hivi, iko kwenye viungo vyako, na nadhani tayari unakijua kile kibaya kwa sababu ndicho kilichokuunguza. Ukizidisha 1.3 kwa 190 unapata karibu wati 250. Ulikuwa na hita ya pili chini ya zulia la gari bila kujua.

Nimefunga umeme wa boti kwa miaka mingi, na kosa hili ndilo nimelirekebisha kuliko mengine yote. Mtu anaweka inveta karibu na anapoitumia. Fanya kinyume. Ilete kiti cha abiria, jirani na betri, waya wa milimita 70 usiozidi sentimita 60 kila upande. Kisha upande wa 230 ndio uurefushe mpaka jikoni, kwa waya wa kawaida wa milimita 2.5, maana huko unabeba ampea 8 tu. Taa ya kijani utaikosa, pole.

Mambo mawili kabla hujafunga. Chanya itoe kwenye betri moja na hasi uitoe kwenye ile nyingine. Ukitoa zote mbili kwenye betri moja, hiyo ya kwanza itafanya kazi kubwa kila siku na kufa mapema, na itaivuta mwenzake. La pili ni fyuzi, na hapa sitanii. Zile za ndani ya inveta zinailinda inveta, hazilindi waya. Waya wako sasa hivi umepita mita 4 chini ya zulia na mbao bila kinga yoyote, na betri zako zikikutana chanya na hasi zinaweza kumwaga zaidi ya ampea elfu moja. Weka fyuzi ya ampea 250 karibu kabisa na kichwa cha chanya, shibiri moja hivi. Hadi ufanye hivyo, fungua huo waya kwenye betri unapolala.

DadaMagurudumu:

Naomba nijibu la friji, nina kovu lake.

Nilikuwa na friji dogo la nyumbani garini kwa miezi minane. Wati 80 limeandikwa mgongoni, nikaliwekea inveta ya wati 300, ya bei rahisi, ya wimbi la ngazi. Kompresa ikitaka kuanza huvuta mara kadhaa ya hizo 80, kwa nukta tu, lakini nukta hiyo inatosha. Likawa linaguna, linashindwa, linajaribu tena. Na hata lilipoanza, mota ilinguruma na kuwa ya moto kuliko ilivyokuwa nyumbani, maana mota hazipendi wimbi la ngazi. Wewe inveta yako ni kubwa na ya wimbi laini, kwa hiyo hilo limekupita.

Lisilokupita ni hili: inveta kubwa inakula hata ikiwa haifanyi kitu. Angalia kwenye kijitabu chako matumizi yake bila mzigo. Nyingi za ukubwa huo zinavuta ampea 1 hadi 2. Tuchukue 1.5, mara saa 24, ni Ah 36. Betri za AGM usizishushe chini ya nusu mara kwa mara kama unazipenda, kwa hiyo katika 200 zako una 100 za kutumia. Theluthi nzima imeliwa na sanduku linalosubiri. Friji lenyewe nalo likitumia kiasi kama hicho, siku ya mawingu unaamka huna kitu.

Niliuza lile, nikaweka friji la kompresa la volti 12 moja kwa moja. Langu linakula Ah 30 hadi 40 kwa siku kulingana na joto, na inveta nimeizima. Naiwasha nikiihitaji, naizima. Birika, ajabu ni kwamba si tatizo la akiba: lita moja kuichemsha kutoka maji ya kawaida ni kama Ah 10 tu. Linatisha kwa kasi yake, siyo kwa wingi. Friji ndilo linalonyonya polepole.

FyuziKwanza:

Hakuna aliyegusa ule waya wa plagi mbili, na mimi ndio umenifanya niingie humu nikiwa kazini.

Usiutengeneze. Upande mmoja ukiwa umechomekwa na inveta ikiwa imewashwa, meno ya plagi ya upande wa pili yako nje na yana volti 230. Anayeokota ni mtoto, au wewe gizani. Na siku mtu akiunganisha umeme wa kambi huku inveta ikifanya kazi, vyanzo viwili vinakutana, inveta ndiyo inayoungua.

Hata bila hayo kuna kituko kingine. Chaja ya betri ya gari kwa kawaida imeungwa kwenye njia hiyohiyo ya 230. Kwa hiyo betri inalisha inveta, inveta inalisha chaja, chaja inaichaji betri. Mtu anafurahi kuona taa ya kuchaji, na kila mzunguko unapoteza. Kama friji lako la asili ni lile la gesi linalochagua lenyewe chanzo, litaona 230, liache gesi na kuanza kuvuta wati mia na kitu bila kupumzika.

Funga swichi ya chenjiova inayokata kabisa upande mmoja kabla ya kuunga mwingine, na chaja ibaki upande wa umeme wa nje peke yake. Kazi ya ulinzi wa mshtuko na uungaji wa ethi mpe fundi mwenye leseni. Mimi ni fundi, na bado langu nilimpa mwenzangu alikague.

Mpole_wa_Njia:

Si aweke lithiamu tu yaishe?

WayaMfupi:

Hayaishi. Lithiamu ingeshikilia volti vizuri zaidi, kweli, lakini waya uleule ungebaki unachemka. Tena betri nyingi za lithiamu za Ah 100 zina BMS, saketi ya ndani inayoilinda betri, inayoruhusu ampea 100 mfululizo. Moja peke yake ingekata mkondo kwa birika hili, na yeye angerudi hapa kusema lithiamu ni mbovu.

Konokono_Barabarani:

Mrejesho, siku tisa baadaye.

Inveta iko chini ya kiti, na nafasi ya hewa pande zote maana feni yake inapuliza joto. Waya wa milimita 70, sentimita 55. Fyuzi 250. Kile kiungo kibaya nilipokifungua, nyuzi karibu theluthi zilikuwa hazijaingia kwenye kichwa cha shaba, nilikuwa nimekibana kwa koleo na nyundo. Safari hii nimeazima mashine ya kubania.

Namba, birika likiwa linachemka: betri 11.6, inveta 11.4. Dakika tatu na ushee, lita moja, kimya. Mke wangu alisimama na saa.

Birika hilo nimelirudisha nyumbani hata hivyo na kuchukua la wati 900. Linachelewa, ila ampea zimeshuka chini ya 100 na betri zinabaki 12.1. Jiko la gesi liko palepale, na gari likiwa limeegeshwa siku mbili bila jua natumia hilo. Friji nasubiri. Waya wa plagi mbili sikuutengeneza, plagi ya pili nimeitumia kwenye feni.

Kabati la nyuma lina tundu mbili za skrubu na alama ya vumbi ya mstatili. Mke wangu ameweka viatu.