Kadi za Clash Royale zinarudi mkononi kwa utaratibu gani? Hog Rider wa jamaa yangu ananimaliza

geto_iyunga:
Wakuu habari za jioni. Naombeni mwenye uelewa anifafanulie. Nacheza Clash Royale, lile gemu la simu la vita vya kadi, na hapa geto kwetu Iyunga kuna jamaa tunapigana kila usiku, umeme uwepo usiwepo, ilimradi simu zina chaji. Deki yangu, yaani kadi ninazoingia nazo vitani, ni mijitu mikubwa: Golem, P.E.K.K.A, Mega Knight, halafu Wizard, Musketeer, Fireball, Arrows na Cannon. Yeye amejaza vidude vya bei ya mteremko, na kati yao yumo Hog Rider.

Anamtuma yule mpanda nguruwe, naweka Cannon, nguruwe anakufa. Safi. Sijakaa sawa, nguruwe huyo tena, na Cannon yangu haipo mkononi. Mnara unagongwa nyundo huku natazama tu. Na kadi zangu zina ngazi kubwa kuliko zake!

Nimeanza kuamini gemu linampendelea. Hizi kadi zinachanganywa upya kila mara au kuna mpangilio? Na kama kuna gemu nyingine za vita zenye deki ambazo hazina huu usumbufu, nitajieni, jamaa ana laptop.

polepole_mwanjelwa:
Gemu zote hizo zinataka hela mkuu. Nunua jemu, vile vito vya kulipia, uone nguruwe watakavyokukimbia.

fundi_kabwe:
Huyo wa juu msimsikilize. Jemu zinaharakisha kupandisha ngazi, basi. Hazigusi foleni ya kadi hata kidogo.

Mdogo wangu, mimi natengeneza simu hapa Kabwe, na mteja akisubiri kioo kishike gundi huwa tunapigana raundi moja mbili, kwa hiyo deki kama yako nimeziona nyingi. Wenye mijitu wote wanalalamika hivyo hivyo.

Iko hivi. Deki ina kadi 8. Mpangilio unachanganywa mara moja tu, mechi inapoanza: nne zinakuja mkononi, nne zinakaa foleni. Ukitupa kadi, inakwenda mkiani mwa foleni, na iliyokuwa mbele inaingia mkononi. Maana yake kadi uliyotupa hairudi mpaka utupe nyingine nne. Kwako hivyo, kwake hivyo. Bahati imeishia pale mwanzo.

Kinachowatofautisha ni bei. Eliksa, yaani ile nguvu ya kulipia kadi, inajaa moja kila sekunde 2.8 na haizidi 10. Jamaa yako, kwa ulivyoeleza, atakuwa anatumia ile deki maarufu ya wastani wa 2.6: Hog Rider 4, Musketeer 4, Fireball 4, Cannon 3, Ice Golem 2, Log 2, Ice Spirit 1, Skeletons 1. Jumla 21. Akishamtuma Hog anatupa vile vinne vya bei rahisi, 1 na 1 na 2 na 2, eliksa 6, Hog yuko mkononi tena. Ongeza 4 za kumlipia Hog mwenyewe, zinakuwa 10. Zidisha kwa 2.8: sekunde 28.

Sasa wewe. Umetupa Cannon. Ili irudi unahitaji kadi nne, na zako za bei ya chini kabisa ni Arrows 3, Musketeer 4, Fireball 4, Wizard 5. Hiyo 16, na Cannon yenyewe 3, jumla 19. Sekunde 53 na ushee. Na hapo nimekukadiria umetupa nafuu tupu, wakati mkononi mwako kuna Golem wa 8 na wengine wawili wa 7 7 wameziba nafasi. Katika muda ambao Cannon yako inarudi mara moja, nguruwe amekuja karibu mara mbili. Hakuna anayependelewa hapo.

Habari ya ngazi: ngazi inaongeza uhai na makali ya kadi, takriban asilimia 10 kila hatua. Haipunguzi bei na haisogezi foleni. Ndiyo maana unaweza kuwa na Cannon nene kuliko yake na bado isiwepo inapotakiwa.

Fanya hivi leo usiku. Toa P.E.K.K.A na Mega Knight, weka Skeletons na Ice Spirit. Cannon sasa itahitaji 1, 1, 3 na 4, yaani 9, na yenyewe 3, jumla 12. Sekunde 33.6. Bado anakuzidi kidogo, ila unamwona mgongo. Cannon usiibandike pembeni, iweke katikati, mbele kidogo ya mnara wa mfalme, ili nguruwe avutwe na apigwe na minara miwili akiwa njiani. Na jifunze kuhesabu kwa sauti, mimi nahesabu mpaka wateja wananishangaa: Hog katoka. Skeletons, moja. Ice Spirit, mbili. Log, tatu. Ice Golem, nne. Sasa anaye! Kabla ya hiyo nne hana Hog, hata akutishe vipi, kwa hiyo huo ndio muda wa wewe kutumia eliksa yako upande wa pili.

Kadi yako inayofuata nayo iangalie, ile ndogo kona ya chini kushoto.

geto_iyunga:
Fundi, ubarikiwe. Ile ya sekunde nimemsomea jamaa hapa, kacheka mpaka kaanguka kitandani, kumbe alikuwa anajua muda wote.

Kona ya chini kushoto kwenye simu yangu kuna doa jeusi, kioo kilipasuka tangu mwaka jana. Sijawahi kuona kitu hapo. Nilidhani ni mahali pa tangazo.

Na Golem? Kwenye hesabu yako sijaona umemtoa. Wengine humu watasema nimtoe.

fundi_kabwe:
Mwache, ila mkalishe. Mechi ni dakika 3, na dakika ya mwisho eliksa inajaa mara mbili, moja kila sekunde 1.4. Huko Golem analipika. Dakika mbili za mwanzo ukimtupa wakati jamaa ana Hog mkononi, umejifunga mwenyewe: eliksa imebaki 2, yeye anaingia upande wa pili. Kumtupa mwanzo labda uwe umefika 10 na inamwagika bure.

dada_gangilonga:
Kamwene wakuu. Naona swali la laptop limerukwa, nami ndiyo eneo langu, kubonyezabonyeza simu na baridi hii ya Iringa vidole havitaki.

Age of Empires III ya mwaka 2005 ina deki, lakini haina foleni. Unapanga kadi kabla ya mechi, kila kadi ni mzigo unaoletwa kutoka mji wako wa nyumbani: wanakijiji watatu, mbao, sarafu 700, askari. Ukipata uzoefu wa kutosha vitani unachagua kadi yoyote uliyopanga, mradi umefika zama yake. Nyingi zinatumika mara moja tu, na kila mzigo unadai uzoefu mwingi kuliko uliotangulia. Kwa hiyo hakuna kusema kadi haijaja. Umaliziwapo ni kwa sababu uliita askari wakati ungeita wanakijiji, au kinyume chake. Mimi naanza na wanakijiji karibu kila mara na sijutii.

Wargame: Red Dragon ya Eugen Systems, Wafaransa wale, ya mwaka 2014, ni kali zaidi. Deki pale ni kama orodha ya wachezaji anayokabidhi kocha kabla ya mechi: ambaye hayumo huwezi kumwingiza. Kila kadi ina idadi, tuseme vifaru kadhaa, na vikiisha vimeisha. Ukitaka vyenye wanajeshi wazoefu zaidi unapewa vichache. Nimeshamaliza ndege zote mapema, nikabaki kutazama angani.

BattleForge ya mwaka 2009 ilikuwa na deki ya kadi 20, zote ziko wazi muda wote, unachohitaji ni nguvu ya kulipia kadi na tufe, ile mipira unayojipatia vitani, za rangi sahihi. Seva zilizimwa 2013. Mashabiki wameijenga upya wenyewe kwa jina la Skylords Reborn, na ni bure. Kama laptop ya jamaa ni ya kawaida, anzia hapo. Ila bando la kuipakua mtachanga.

geto_iyunga:
Asante sana dada. Tutachanga, jamaa ndiye mwenye mkopo umeingia.

Fundi, la mwisho. Leo kanifungulia deki nyingine yenye bingwa, zile kadi za Champion. Nimehesabu kama ulivyosema, kadi yake nyingine ikarudi kabla sijafika nne. Nimekosea kuhesabu?

fundi_kabwe:
Hujakosea. Bingwa akiwa hai uwanjani anatoka kabisa kwenye foleni, harudi mkononi mpaka afe. Deki inabaki kuzunguka na kadi 7: nne mkononi, tatu foleni. Ukimwona bingwa wake bado anapumua, hesabu tatu. Akifa, rudi kwenye nne.

Na kioo cha hiyo simu unakikalisha na doa tangu mwaka jana kwa nini? Kabwe si mbali na Iyunga.