Vitabu vya picha vya kumsomea mtoto mdogo kwa sauti: mnapenda vipi, na mnavisomaje?

Baba Neema (Dodoma)

Habari za jioni, ndugu zangu.

Nina watoto wawili, binti anayekaribia miaka minne na mdogo wake wa miaka miwili, na mimi na mama yao tumejiwekea utaratibu wa kuwasomea kila usiku kabla hawajalala. Tunachokosa si muda wala nia, ni vitabu vyenyewe. Katika maduka ninayoyafikia, vitabu vya watoto vya Kiswahili ni vile vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), vilivyoandikwa ili mtoto wa darasa la kwanza ajifunze kusoma mwenyewe: sentensi fupi zisizo na kisa, picha ndogo pembeni, na maswali ya ufahamu mwishoni. Vinatimiza kazi vilivyokusudiwa, lakini ukimsomea mtoto ambaye bado hajui herufi, havimpi hamu ya kutaka ukurasa unaofuata. Vyenye picha kubwa na za kuvutia karibu vyote ni vya Kiingereza, na nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili.

Naomba mnitajie vitabu ambavyo watoto wenu huviomba tena na tena, na mniambie pia mnafanyaje mnapokuwa na kitabu cha Kiingereza mkononi mbele ya mtoto anayejua Kiswahili tu. Jambo jingine linalonisumbua ni kwamba kinachomfaa dada mtu kinamchosha mdogo wake, naye akishachoka hatuendelei tena.

Mwalimu wa Awali (Morogoro)

Baba Neema, hongera kwa utaratibu huo, na ninaomba msiuache hata kama baadhi ya usiku unavurugika.

Ninafundisha darasa la awali, na kabla watoto hawajaruhusiwa kwenda nyumbani huwa tunakaa mkekani tukasoma kitabu kimoja. Kipimo changu ni kwamba kitabu cha kusomewa lazima kiwe na mahali ambapo mtoto anaweza kuingia kwa sauti yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mtu mrefu sana, iliyoandikwa na Cornelius Gulere wa Uganda na kuchorwa na Catherine Groenewald. Jembe la mtu huyu ni fupi mno, mlango wake ni mfupi mno, kitanda chake ni kifupi mno. Maneno ni machache sana katika kila ukurasa, na picha ndiyo inayoonyesha jinsi anavyojikunja kwa taabu. Watoto wakishasikia habari ya jembe na ya mlango, tukifika kitandani wanalitamka neno wenyewe kabla mimi sijafungua kinywa. Baadaye anajitengenezea mpini mrefu, anainua milango, anakaa kwenye kiti kirefu na kula kwa uma mrefu, na mwishowe anaihama nyumba yake akaishi msituni.

Kuhusu watoto wako wa umri tofauti, jaribu hadithi ya Kuku na Jongoo, iliyoandikwa na Winny Asara na kuchorwa na Magriet Brink. Hao wawili ni marafiki wanaoshindana kila mara. Siku moja wanacheza mpira, Kuku anakaa golini, Jongoo anafunga mabao matano, na Kuku kwa hasira anammeza. Halafu tumbo la Kuku linaanza kumsumbua: anacheua, anatema, anapiga chafya, anakohoa, mpaka Jongoo anatoka nje. Dada mtu atafuatilia kisa cha ushindani na hasira, na mdogo wake atabaki na sauti za kucheua na kupiga chafya, ambazo mtoto wa miaka miwili huzipenda mno. Kila mmoja atapata chake katika ukurasa uleule.

Hadithi zote mbili zinapatikana bila malipo kwenye mtandao wa African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zimepangwa kwa ngazi tano, na ngazi ya tano imetengwa mahsusi kwa hadithi za kusomewa na mtu mzima, ingawa kwa watoto wako mimi ningeanza na zile fupi za ngazi ya pili. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kusoma, kuchapa, kutafsiri na hata kuibadilisha hadithi. Faida hiyo ina upande wake wa pili, kwa maana tafsiri za Kiswahili zimefanywa na watu wengi na ubora wake haulingani: nyingine zinateleza vizuri na nyingine zimeandikwa kwa haraka. Isome kwanza peke yako, kwa sauti na si kwa macho tu, na sentensi itakayokukwamisha ulimi iandike upya.

Mwisho, simama mara kwa mara uwaulize watoto: huyu anafanya nini, unadhani kitatokea nini. Mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti wao nchini Marekani mwaka 1988 wakionyesha kwamba watoto wa takribani miaka miwili hadi mitatu, ambao wazazi wao walifundishwa kuuliza maswali ya wazi na kuyarefusha majibu ya mtoto, walipiga hatua zaidi katika kuzungumza kuliko wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida.

Mkutubi Mstaafu (Tanga)

Mwalimu ameeleza vizuri sana. Nitaongeza mambo mawili, na katika jambo moja nitatofautiana naye kidogo.

Baba Neema, vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto vipo zaidi ya vile unavyoviona dukani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa sababu ya uhaba mkubwa wa vitabu, na utaratibu wake ulikuwa kuwasaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini, kisha kununua sehemu ya nakala zilizochapishwa na kuzipeleka katika maktaba za shule. Ndiyo maana vingi vilikwenda moja kwa moja shuleni na mzazi mnunuzi hakukutana navyo. Nenda katika maktaba ya mkoa uulize sehemu ya watoto, na ukifika Dar es Salaam pitia Maktaba Kuu ya Taifa. Pitia pia shule ya msingi iliyo karibu nawe, umwombe mwalimu mkuu kwa heshima akuruhusu kuangalia rafu zake. Katika miaka yangu ya kazi niliona mara nyingi masanduku ya vitabu vizuri vikiwa bado na harufu ya kiwandani, kwa sababu aliyekabidhiwa aliogopa visichanike. Kitabu cha mtoto kisichochanika hakijasomwa, nami nililisema hilo waziwazi kila nilipopata nafasi.

Upande wa picha, mtafuteni John Kilaka, Mtanzania anayechora kwa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa hapa kwetu. Wanyama wake wamevaa nguo za rangi kali, wanabeba mizigo, wanakaa vikao, na mtoto anaweza kuutazama ukurasa mmoja kwa muda mrefu bila kuumaliza. Kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2009 kwa jina la The Amazing Tree kinasimulia ukame, njaa, na mti wenye matunda yaliyoiva ambayo hayaanguki mpaka mti utajwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa kwa Kobe kuliuliza jina hilo, na kila anayerudi amelisahau njiani. Kisa cha namna hii wengi wetu tulikisikia kwa bibi zetu, na kwa kumsomea mtoto kwa sauti ni hazina, kwa kuwa yeye mwenyewe amelisikia jina na analishika kwa nguvu wakati tembo analisahau. Picha zinajitosheleza kiasi kwamba unaweza kuliacha andiko la Kiingereza na kusimulia kwa Kiswahili chako.

Sasa kuhusu maswali. Mwalimu, siupingi utafiti, lakini usiku wa kwanza wa kitabu kipya mimi nisingeuliza swali hata moja. Mtoto anayekatizwa kila ukurasa anaanza kukiona kitabu kama mtihani, na Baba Neema amekwisha kutueleza kwamba anayakimbia maswali ya mwisho wa kitabu. Wazee wetu walimshirikisha msikilizaji kwa njia nyingine. Msimuliaji akisema «Paukwa!» watoto wanajibu «Pakawa!», akisema «Hadithi, hadithi!» wanaitikia «Hadithi njoo!», na hapo kila mmoja ameshaingia ndani ya kisa bila kuulizwa kitu ambacho anaweza kukikosa. Fungueni hata kitabu cha picha kwa mwito huo. Maswali yasubiri usiku wa pili au wa tatu, wakati mtoto ameshakijua kisa na ana jambo la kusema.

Mama Idris (Leicester, Uingereza)

Shikamoo mzee wetu wa Tanga, na salamu kwa wote.

Nimeguswa na swali la kitabu cha Kiingereza, kwa kuwa huku ndiyo hali yetu ya kila siku. Kitabu ambacho wanangu hawakichoki ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Handa ni msichana wa Kijaluo nchini Kenya anayempelekea rafiki yake Akeyo kapu la matunda saba kichwani: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi na pasheni. Maneno ya kitabu yanaeleza tu anayoyawaza Handa akiwa njiani, akijiuliza ni tunda gani Akeyo atalipenda zaidi. Hayasemi kabisa kwamba tumbili amechukua ndizi, mbuni amechukua pera, na kasuku wa mwisho amechukua pasheni. Hayo yanaonekana kwenye picha peke yake, nyuma ya mgongo wa Handa.

Kwa mzazi anayesoma kwa Kiswahili, kitabu kilichojengwa hivyo ni rahisi mno, kwa kuwa maneno ya kubadilisha ni machache na kazi kubwa inafanywa na mtoto anayenyoosha kidole na kupiga kelele kwamba kuna mnyama. Mimi husoma sauti ya Handa kwa utulivu kabisa, kama mtu asiye na habari, na ndiyo maana wao wanazidi kupaza sauti. Hapo naona mzee na mwalimu wanakutana, maana watoto wanazungumza sana na mimi sijauliza chochote. Ni kweli kwamba pundamilia, twiga na tembo hawapangi foleni katika njia za vijijini Nyanza, na mtu mzima anaweza kuliona hilo. Watoto wangu hawajawahi kulilalamikia.

Kwa walio ughaibuni, Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada kimechagua hadithi 40 za African Storybook na kuziweka kwenye mtandao wa Storybooks Canada kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Baba anasoma kwa Kiswahili leo, na jirani au mwalimu anaweza kuisoma hadithi ileile kwa Kiingereza kesho.

Baba Neema (Dodoma)

Nawashukuru sana nyote. Mwalimu, naomba ufafanuzi kidogo: hizi za mtandaoni unazisoma kwenye simu, au unazitoa kwenye karatasi? Mdogo akiiona simu anataka kuishika, na mara anadai katuni.

Mwalimu wa Awali (Morogoro)

Kwenye karatasi, bila kusita. Kioo cha simu ni kidogo kwa watoto wawili wanaogombea kuona, na picha ikiwa ndogo kazi yote ya mchoraji inapotea. Pakua hadithi, ipeleke kwenye duka la stesheneri wakuchapie kwa rangi upande mmoja wa karatasi, kisha ziingize kurasa katika faili lenye mifuko ya plastiki. Faili la namna hiyo linavumilia mate, uji na kuvutwa. Kama bajeti hairuhusu rangi kwa hadithi zote, chapa kwa rangi mbili au tatu na nyingine kwa nyeusi, kisha Neema azipake rangi mwenyewe, hatakubali zisisomwe.

Ushauri wa mzee kuhusu usiku wa kwanza bila maswali nimeupokea, na darasani nitaanza nao Jumatatu. Jambo moja tu la tahadhari: katika mtandao huo utakutana na Wimbo wa Sakima wa Ursula Nafula, kisa cha mvulana asiyeona ambaye uimbaji wake unamfariji tajiri aliyepotelewa na mwanawe. Ni hadithi nzuri sana, lakini ni ndefu na ina huzuni ambayo mtoto wa miaka minne anaweza kulala nayo vibaya. Nakushauri uihifadhi mpaka Neema afike miaka sita, na umsomee mchana.