Je, ni haki mpira kugombewa upya kila baada ya bao katika fainali ya lakrosi ya vyuo?

Mgeni wa Maryland:
Ndugu zangu, tarehe 26 Mei 2025 kijana wangu alinikalisha mbele ya runinga tutazame fainali ya lakrosi (mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu nchani) ya wanaume ya vyuo vya Marekani, ambamo Cornell waliwafunga Maryland 13-10 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1977. Nilivutiwa sana, lakini jambo moja linanikera. Katika soka aliyefungwa ndiye anayeanzisha mpira. Hapa wachezaji wawili huinama tena katikati ya uwanja na kuugombea, kiasi kwamba timu inaweza kufungwa mara tatu mfululizo bila kuugusa. Haki iko wapi?

Kocha wa Vijana:
Karibu, ndugu. Safari ijayo mwangalie yule anayeugombea: amechuchumaa, fimbo imelala chini sambamba na ya mpinzani, na filimbi ikilia anaubana mpira kwa mgongo wa wavu wa fimbo yake, kisha anausukumia kwa mwenzake anayekuja mbio kutoka pembeni. Timu nyingi zina mtu wa kazi hiyo pekee, ambaye akishaimaliza hutoka nje. Utaratibu huu humpa matumaini aliyeachwa nyuma. Katika fainali ya 2009 Syracuse walikuwa nyuma 9-6 dhidi ya Cornell zikiwa zimebaki chini ya dakika nne, wakasawazisha sekunde za mwisho kabisa, wakashinda 10-9 katika muda wa nyongeza. Kwa kanuni ya soka, kila walipofunga mpira ungerudi kwa Cornell moja kwa moja.

Shabiki wa Notre Dame:
Kwa dakika za kawaida nakubaliana nawe, kocha, ila si kwa muda wa nyongeza, ambapo bao la kwanza humaliza mchezo. Katika fainali ya 2010 tulikuwa 5-5 na Duke pale Baltimore. C.J. Costabile wa Duke aliushinda mpira wa katikati, akakimbia nao moja kwa moja hadi langoni na kufunga katika sekunde ya tano. Washambuliaji wetu walibaki upande wa pili wakitazama tu. Naona kila timu ingepewa walau shambulizi moja.

Kocha wa Vijana:
Uchungu wako naufahamu, ndugu. Hata hivyo, Costabile alikuwa na fimbo ndefu ya ulinzi, si ya wafungaji, na mbele yake walikuwapo walinzi wenu pamoja na golikipa. Mpira aliushinda kwa haki, na wao hawakumzibia njia.