Mjadala: Je, mwalimu mkuu aondolewe ujenzi na hesabu za fedha ili awaongoze walimu kwenye mtaala mpya?

Mleta mada (mwalimu wa taaluma, shule ya msingi, Tabora)

Habari zenu walimu, wazazi na wadau wote wa elimu. Nina hoja ambayo naomba tuijadili kwa uzito wake.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Kiingereza sasa kinaanza darasa la kwanza. Darasa la tatu wana Historia ya Tanzania na Maadili, wana Jiografia na Mazingira, wana Sanaa na Michezo. Mwalimu anatakiwa ampime mtoto kwa kile anachoweza kukifanya, si kwa alichokariri. Mimi naupenda mtaala huu na nataka ufanikiwe.

Kinachonisumbua ni kwamba mtu wa kuwavusha walimu hapa ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hapatikani. Si mtoro, wa kwetu anaingia kazini kabla ya mwalimu wa zamu. Ila utamkuta halmashauri na faili la malipo, au dukani na kamati ya manunuzi, au anahangaika na NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na intaneti inakatika. Huu utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kutafuta mafundi, umemgeuza kuwa msimamizi wa ujenzi. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19, ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3, zilipojenga madarasa 15,000, waliokesha saiti ni wakuu wa shule na walimu wakuu. Ikaja miradi ya serikali, SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa awali na msingi. Madarasa tuliyahitaji sana, sibezi hata tofali moja.

Muhula uliopita mwalimu mkuu wetu aliingia darasa la tatu, akakaa dawati la nyuma kumtazama mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu yule alikuwa ameandaa kadi za maneno kwa makatoni ya maboksi, amezikata vizuri na kuzichora picha kwa kalamu za rangi alizonunua mwenyewe. Kipindi hakijafika nusu, simu ikaita: lori la mchanga limefika, dereva hasubiri, kamati ya mapokezi haina ufunguo wa stoo. Mwalimu mkuu akatoka. Kipindi kiliisha bila mtu wa kumwambia yule mwalimu kama kadi zake zimefanya kazi au la. Wiki mbili baadaye nilipita dirishani nikamkuta anaandika notisi ubaoni, watoto wanakopi. Sikumlaumu.

Pendekezo langu: kwa miaka hii ya mpito, ujenzi na hesabu vitoke mikononi mwa mwalimu mkuu. Kata ipewe mhasibu na msimamizi wa ujenzi wa kuhudumia shule zake zote. Mwalimu mkuu adaiwe kukaa na walimu wake kwenye ufundishaji, na yeye mwenyewe awe na vipindi. Karibuni.

Mwalimu mkuu, Ruvuma

Mwalimu wangu, asante kwa kutuonea huruma, lakini nusu ya dawa yako itatuua.

Chukua ujenzi, nitakupigia makofi. Hesabu niachie. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayoingia shuleni ni 6,000. Shule ya watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka mzima, laki tatu kwa mwezi. Humo kuna chaki, mitihani ya ndani, kitasa kilichovunjika, karatasi, kila kitu. Sasa uamuzi wa hizo laki tatu ukienda kwa mhasibu aliye makao makuu ya kata, kilomita kumi na tano kutoka hapa, mwalimu wako wa kadi akitaka manila na gundi nitamjibu nini? Subiri barua irudi? Walimu wananifuata kwenye jambo jipya kwa sababu wanajua nikisema "fanya, nitakusaidia", nina cha kuwasaidia. Nikinyang'anywa hicho nabaki msoma nyaraka. Nipe msaidizi wa kunishikia vitabu vya fedha na kuhangaika na mifumo, saini ibaki yangu.

Na kuna jambo hamjaligusa, nalo kwangu ndilo kubwa. Tunapimwa kwa nini? Jengo likichelewa wiki, napigiwa simu na watu wanne tofauti. Vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni kwangu vingekufa mwaka mzima, sioni nani angeniuliza. Mtu hukimbilia pale anapoulizwa. Posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi tunapata tangu 2016 na tunashukuru, ila hakuna mahali pameandikwa kwamba sehemu yake ni malipo ya kukaa dawati la nyuma.

Mwalimu wa darasa la tatu, Kigoma

Mimi nawapinga wote wawili. Tatizo ni mtu, mzigo unafuata baadaye.

Nimefanya kazi chini ya walimu wakuu wawili tangu mtaala huu uje. Wa kwanza hakuwa na ujenzi wowote. Muda wake aliutumia kukusanya maandalio ya somo kila Jumatatu na kuyagonga mhuri. Mtaala ulipofika aliitisha kikao, akasimama, akausoma waraka kutoka juu hadi chini, akamaliza: "Haya ni maelekezo, utekelezaji uanze." Swali moja tu liliulizwa, kuhusu vitabu vitakuja lini, likajibiwa kwa ukali. Baada ya hapo kila mtu akarudi kufundisha alivyozoea, akibadilisha vichwa vya habari kwenye andalio.

Wa sasa ana madarasa mawili yanajengwa na matundu ya vyoo. Hata hivyo Jumatano watoto wakishaondoka tunakaa, walimu wote, jumuiya ya kujifunza kama MEWAKA inavyotaka. Siku ya kwanza alifundisha yeye, sisi tukawa wanafunzi wake. Mada ilikuwa ya Historia ya Tanzania na Maadili. Katikati akaweka chaki chini, akasema: "Hapa nimekwama. Kitabu kinataka watoto wachunguze, mimi najua kuwaeleza tu. Nani anaona njia?" Kimya. Halafu mama mmoja ambaye amebakiza muda mfupi kustaafu, ambaye kwenye vikao huwa hasemi neno, akasema mtaani kwake kuna mzee aliyehamishwa kwenye operesheni ya vijiji miaka ya 70, watoto waende wakamuulize walibeba nini na waliacha nini. Wakaenda. Walirudi na majina ya mashamba ambayo hata sisi walimu wenyeji hatukuyajua, wakachora ramani ya kijiji cha zamani kwa mkaa sakafuni. Sasa yule mama akipangiwa Jumatano anakuja na mambo yake tayari.

Mwalimu mkuu huyu angefanya hivyo hata mngemwongezea jengo la tatu. Yule wa mhuri, mpeni mwaka mzima wa likizo ya ujenzi, atanunua mhuri mwingine. Kwa hiyo tujadili anapatikanaje. Ateuliwe aliyeonekana akiwafundisha wenzake, siyo mwenye miaka mingi tu au anayejulikana na wakubwa.

Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, Temeke

Naomba wazazi tusikike. Shuleni kwetu kabla ya jengo jipya chumba kimoja kilikuwa na watoto zaidi ya mia, wengine wanaandika wamelala kifudifudi sakafuni. Mtaala gani utafundishwa hapo? Mwalimu mkuu wetu alihesabu saruji mfuko kwa mfuko, ndiyo maana jengo lilifika kwenye bati. Akiletwa msimamizi wa kata mwenye shule sita, hakuna mfuko atakaouona kwa macho yake. Mimi sikubali aondolewe.

Na kuhusu huo mtaala, sisi hatujaitwa hata mara moja kuelezwa. Mwanangu alitumwa vizibo vya soda na maboksi, nikamkatalia, nikajua ni usumbufu. Kumbe ni somo.

Afisa elimu kata mstaafu, Kilimanjaro

Nimewasoma kwa utulivu. Mwalimu wa Kigoma, mwanangu, umesema vizuri, ila ukiishia kwenye "mtu" utasubiri malaika. Uongozi unafundishika. ADEM, wakala wa kufundisha uongozi wa elimu pale Bagamoyo, ipo kwa kazi hiyo, na sasa ina kampasi Mwanza na Mbeya pia. Kasoro niliyoiona miaka yote ni mpangilio: mtu anakabidhiwa ofisi leo, mafunzo yanakuja baada ya miaka, mengine hayaji. Anajifunza kuongoza kwa kumkumbuka mwalimu mkuu aliyemwongoza yeye. Kama huyo alikuwa wa mhuri, na yeye anakuwa wa mhuri.

Pili, mbona hamjamtaja mwalimu mkuu msaidizi? Yupo kwenye muundo. Mtaaluma yupo. Kwa nini mambo yote yanasubiri mtu mmoja? Kwa sababu hoja ya ukaguzi ikija inaandikwa jina la mwalimu mkuu, hivyo anaogopa kuachia hata ufunguo wa stoo. Mshika mbili moja humponyoka, na inayomponyoka ni ile isiyokuwa na hoja ya mkaguzi, yaani ufundishaji. Iandikwe kwenye mwongozo: ujenzi ni wa msaidizi na kamati zake, na yeye ndiye atakayejibu. Hilo halihitaji ajira mpya hata moja.

Mwalimu wa sekondari msingi, Kilifi

Hamjambo majirani. Sisi huku Kenya tumepitia tanuri hilo. Januari 2023 gredi ya saba ilianza, ikawekwa ndani ya shule za msingi chini ya mwalimu mkuu wa msingi. Yeye alizoea walimu wake wa miaka ishirini, ghafla analetewa walimu vijana wa shahada, wengi wao wakiwa kwenye mkataba wa mafunzo kazini kwa shilingi 20,000 za Kenya kabla ya makato. Mei 2024 walimu hao waligoma. Ajira ya kudumu ndiyo ilikuwa dai kuu, lakini madai ya kutaka uongozi wao wenyewe yako palepale.

Ninachotaka kuongezea ni hiki. Shuleni kwetu ugomvi haukuanza kwa mtaala. Ulianza kwa maswali madogo ambayo hakuna aliyeyajibu mapema: nani anasaini ruhusa yangu, maabara itakuwa chumba gani, fedha za gredi ya saba anaziamua nani. Kabla mtu hajajua hayo, ukimwambia habari ya umahiri hakusikii. Mnapojadili ujenzi na hesabu, kumbukeni mwalimu wa kawaida anataka kujua kwanza yeye anasimama wapi.

Mleta mada

Nimefuatilia kila mchango. Mzee wa Kilimanjaro, shikamoo. Hoja ya msaidizi kujibu kwa jina lake naichukua ilivyo, na naona inafaa hata kuliko msimamizi wa kata, kwa sababu inajibu na hofu ya mzazi wa Temeke: msaidizi yupo pale pale shuleni, saruji ataiona. Ndugu mzazi, kwenye kamati ya mapokezi wananchi mmo pia, hesabuni pamoja naye.

Mwalimu wa Ruvuma, laki tatu zibaki kwako na saini yako. Anayetakiwa ni wa kushika vitabu. Na swali lako la tunapimwa kwa nini ndilo nitakalolibeba. Mthibiti ubora na afisa elimu wakija, ukurasa wa kwanza wanaouomba uwe wa vipindi ambavyo mwalimu mkuu amevitazama na alichozungumza na mwalimu baada ya kipindi. Jengo lije ukurasa wa pili.

Dada wa Kigoma, hapo tu bado tunatofautiana. Mwalimu mkuu wako anabeba Jumatano hizo kwa moyo wake. Akihamishwa, au akichoka, Jumatano inaondoka naye. Nataka utaratibu unaomlinda mtu kama huyo, tusije tukategemea afya yake.

Na tusijidanganye kwamba ujenzi unaisha. Watoto walioanza darasa la tatu na mtaala huu mwaka 2024 wanamaliza msingi darasa la sita, mwaka 2027. Mwaka huo huo walio mbele yao kwa darasa moja, wa mtaala wa zamani, wanamaliza la saba. Makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Madarasa ya sekondari yatajengwa kwa haraka ileile ya 2021, na wakuu wa shule wataitwa saiti wakati walimu wao ndiyo wanawapokea watoto wa kwanza wa mtaala mpya kutoka msingi. Ndiyo maana nasema mwongozo ubadilike sasa, siyo 2028.

Halmashauri yetu ina kikao cha wadau wa elimu mwezi ujao nami nimeomba nafasi ya kuzungumza. Kila mwalimu aliye tayari aandike hapa, bila kutaja shule: wiki iliyopita mwalimu mkuu wako aliingia kwenye kipindi cha mwenzake mara ngapi, na alitoka kwa ajili ya fedha au ujenzi mara ngapi. Nitayapeleka kama yalivyo.

Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, Temeke

Ongeza na la kwetu: mara ya mwisho wazazi kuitwa kuelezwa mtaala ilikuwa lini. Mimi nitaanza kuliuliza kwenye kamati yetu Jumamosi hii.